Mlango wa Stoo

Lino ya mwezi wa Juni haihitaji moto.
Naianika juu ya boneti ya gari, hapa Mabela,
nahesabu mpaka mia, inalainika kama jibini,
na patasi inaingia bila kulalamikiwa.
Nilifundishwa kukipenda kitu kisicholalamika.

Bibi aliniachia Kiswahili na cherehani ya mkono.
Cherehani imekufa. Kiswahili bado kinadunga.
Kina neno moja kwa kazi mbili:
kuchapa karatasi,
kuchapa mtu.

Nyumba ya jirani, yenye vioo vya buluu,
alikuwapo msichana aliyepiga kutwa kucha:
kupiga deki, kupiga pasi,
kupiga magoti kusugua marumaru,
na hakuna aliyemgusa hata kwa ukucha.
Sikudhani, jina lake. Kwao Handeni.
Tulisemezana juu ya ukuta mara nne.
Mara ya tatu aliniomba chaja.
Mara ya nne aliinua mkono kuanika shuka
na kwenye kigasha nikaiona chapa:
pembetatu, ncha imechongoka,
vitundu vya mvuke vimepangika,
kila kimoja mahali pake.

Mtu wa kazi yangu hutazama kwanza usafi wa nakala.
Mungu anisamehe, nilitazama kwanza usafi.

Nikamuuliza. "Pasi iliniangukia."
Nikarudi ndani kuosha rola.

Pasi moja ilimuunguza.
Pasi nyingine, yenye picha yake na muhuri wa uwanja wa ndege,
ilifungiwa kabatini pamoja na dhahabu ya Bi Rayya.
Halafu siku moja hayupo. Wengine wanasema ubalozini,
wengine wanasema Barka, kwa mwanamke anayeficha watu.
Kahawa ikamiminwa, halua ikakatwa,
na wanawake wa mtaa wetu wakasema, mmoja baada ya mwingine:
sikudhani.
Wallahi, sikudhani.
Nami, niliyelijua kama jina,
nililitamka vilevile, kwa herufi ndogo.

Nilikuwa nimekwisha kuchora picha ya kuchonga:
mdomo wazi, mkono mkubwa unashuka kutoka juu,
mbingu nyeusi. Picha ambayo wageni wa maonyesho
huisimamia kimya wakiwa na glasi za maji ya limau.

Kisha nikaukuta mlango, kando ya pipa la baladia.
Mlango wa stoo, alikolala ubavuni mwa mashine ya kufulia.
Upande wa ndani, chini, kimo cha mtu aliyekaa,
mistari. Imekwaruzwa kwa uma, nadhani,
mitano mitano, mpaka ishirini na mitatu,
na pembeni tarakimu mbili.

Picha yangu nikaichana.

Mashine yangu ni ndogo, mlango hauingii.
Nikaulaza sakafuni, nikaupaka wino,
nikatandika karatasi, nikasugua kwa mwiko wa wali
mpaka bega likaniuma, nikaona haya kwa kuumwa.
Wino ni mtiifu: hushika palipobaki,
hupaacha palipochimbwa.
Nilipoibandua karatasi, giza tupu
lenye ukubwa wa mlango,
na ndani yake kazi ya mkono wake, nyeupe,
mahali pekee ambapo wino wangu haukufika.

Tarakimu zilikuwa 80. Riali, kwa mwezi, alivyoahidiwa.
Chapa hugeuza kila kitu. Zimetoka 08.
Sijui kama hiyo ni kazi ya karatasi
au ndiyo hesabu ya nyumba ile.

Nimetoa nakala ishirini na tatu, moja kwa kila mstari.
Bi Rayya alipita, akaangalia, akauliza kama ni mvua.

Chini kulia, kwa penseli,
ndipo mwenye kazi huandikwa jina.
Si langu. Penseli imelala pale tangu Jumanne.
Jina lake nalijua, hati yangu ni nzuri.
Lakini nikiliandika, hapa kwetu,
litasomwa kama udhuru.